Watoto wa Paka Walioachwa: Joto Kwanza, Maziwa Baadaye

Mkulima mwenzangu, huenda jambo hili limekupata, au litakupata kabla ya mwaka kwisha. Umeingia ghalani alfajiri kuchota chakula cha ng'ombe, na nyuma ya magunia unasikia sauti nyembamba kama ya kifaranga aliyepotea. Unasogeza gunia moja, kisha la pili, na hapo chini unawakuta watoto wa paka wanne au watano, macho wameyafumba, masikio yamelala kichwani, kila mmoja mdogo hata anaenea kiganjani na nafasi ikabaki. Mama yao haonekani. Utafanya nini?

Najua wafanyavyo wengi, kwa sababu nami nimelelewa hivyo. Mtoto wa nyumbani hupewa gunia bovu na kuambiwa akawatupe mtoni. Mwingine mwenye huruma humimina maziwa ya ng'ombe katika kisahani, akawawekea mbele, kisha akaenda zake kukamua. Huyu wa pili ana moyo mwema kuliko wa kwanza, lakini paka wake watakufa vilevile, ila watachukua siku mbili.

Kabla sijaendelea, yafaa mjue ya kuwa mimi si daktari wa mifugo. Ni karani wa ofisi ya kilimo, na zamani nilisomea ualimu. Kazi yangu ni barua, hesabu za mbegu na mafaili. Haya ninayowaandikia nimeyajua kwa kukosea mwenyewe, kisha kwa kumwuliza Bwana Mifugo wetu, ambaye alicheka kwanza ndipo akanieleza vizuri.

Pengine mtu atauliza kwa nini gazeti la wakulima lipoteze nafasi kwa ajili ya paka, ilhali kuna habari za mbolea na za bei ya viazi. Namjibu hivi. Panya jike hubeba mimba kwa majuma matatu tu, na chakula kikiwapo hazai mara moja kwa mwaka kama ng'ombe wako. Gunia la mahindi la kilo 90 ambalo umelipalilia miezi mingi hutobolewa usiku mmoja, na kile ambacho panya hakukila amekikojolea. Urafiki wa mtu na paka ulianzia hapo hapo ghalani. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza ya kwamba katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka, kaburi lenye umri wa miaka kama 9,500, na watu hao walikuwa wakulima kama wewe. Paka wote wa nyumbani wametokana na paka wa porini wa Afrika na Mashariki ya Karibu, na jamaa zake wangali wakiwinda katika nyika zetu hapa Kenya. Na mzee mmoja aliyepata shamba lake katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, aliniambia ya kwamba siku ya kuhama walipakia katika lori jembe, sufuria, kuku sita na paka mmoja ndani ya kikapu kilichoshonwa mdomo. Kuku waliibiwa, lakini paka alifika.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Ofisi yetu ina stoo ya mbegu na karatasi za zamani. Panya walizidi, hata wakatafuna orodha ya wakulima kuanzia herufi K mpaka M. Nikanunua dawa ya panya, nikaitia katika vipande vya ugali na kuitandaza sakafuni. Palikuwa na paka mmoja jike, wa rangi ya majivu, ambaye hakuwa wa mtu. Kila karani alidhani mwenzake ndiye amlishaye. Dawa nyingi za panya huua polepole kwa kuizuia damu isigande. Panya aliyeila hutembea siku kadhaa amelegea, na paka humkamata bila taabu. Baada ya juma moja hivi tulimkuta paka nyuma ya tangi la maji, amekufa, damu puani. Hakuna miongoni mwetu aliyekumbuka kwamba tumbo lake lililokuwa kubwa lilikuwa limepungua siku chache kabla.

Jioni ile nilipokuwa nikifunga milango nikasikia sauti kutoka katika katoni ya fomu. Walikuwa wanne. Ulikuwa mwezi wa Julai, nanyi mkaao nyanda za juu mnaijua Julai yetu, asubuhi nyasi ni nyeupe kwa umande ulioganda. Niliwachukua nyumbani. Nikapasha moto maziwa ya ng'ombe, nikawalaza chali mkononi kama mtu alishavyo mtoto mchanga, nikawatilia kwa kijiko. Wawili walipaliwa, maziwa yakatoka puani. Nikawaweka jikoni ndani ya boksi. Moto ulizimika saa nne za usiku, nami nikalala nikijiona nimetenda wema.

Asubuhi watatu walikuwa wamekauka kama vijiti. Wa nne alikuwa baridi, mdomo wazi, akihema mara moja moja. Nilimchukua ofisini katika mfuko wa koti, kwa maana sikuona vyema kumzika angali anahema.

Mkulima wa kwanza kufika siku hiyo alikuwa mama mmoja mzee mwenye shauri la mbolea. Alinikuta nikijaribu tena kumtia maziwa kinywani.

"Karani," akasema, "ndama wako akizaliwa usiku wa mvua, utamnywesha kwanza ama utamkausha?"

"Nitamkausha, mama."

"Basi mlete hapa."

Akamchukua, akamtia kifuani chini ya sweta na leso mbili, akaketi kwenye benchi na kuendelea kunieleza habari za mbolea yake kana kwamba hakuna jambo. Muda wa saa moja na nusu ulipopita, sweta ikalia. Ndipo akaniruhusu kumpaka tone la maji ya sukari ufizini, na baadaye kidogo, maziwa. Paka huyo sasa ana miaka mitatu, na orodha za wakulima hazijatafunwa tena.

Bwana Mifugo alinieleza sababu. Mtoto wa paka, mpaka afike majuma matatu au manne, hawezi kuutunza mwenyewe moto wa mwili wake. Akipoa, tumbo lake huacha kufanya kazi. Maziwa utakayomtia hukaa humo bila kusagika, yakachacha, au humrudia na kuingia mapafuni. Kwa hiyo mtie kidole kinywani kwanza. Kinywa kikiwa baridi, usimpe kitu cha kunywa hata akilia namna gani. Mpashe joto polepole, kwa saa moja au zaidi, juu ya ngozi ya mtu, chini ya nguo. Usimweke karibu na moto mkali ukitaka apone upesi, wala usimwoshe kwa maji ya moto.

Baada ya hapo mtengenezee mahali pa kulala. Katoni yatosha, nayo iwe na pande ndefu ili upepo usiingie. Jaza maji ya moto katika chupa ya plastiki, uifunge sawasawa, uivingirishe katika soksi nene au kipande cha blanketi, uiweke upande mmoja tu wa katoni, ili mtoto akisikia joto limezidi aweze kutambaa upande wa pili. Juma la kwanza wanahitaji joto la digrii 30 hadi 32. Mkulima aliyepata kulea vifaranga ataelewa, maana ni karibu sana na joto la vifaranga. Chupa hupoa, nayo ikipoa huwavuta joto lao badala ya kuwapa, kwa hiyo ibadilishe kila inapopoa, hata usiku. Na tafadhali, usiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya paka. Hewa yake ya sumu itawaua wao, wewe na watoto wako.

Lakini nimetangulia mbele. Kama mama yao hajulikani kuwa amekufa, jambo la kwanza ni kungoja. Paka hutoka kuwinda, na tena hupenda kuhamisha watoto wake mmoja mmoja kwa kuwabeba shingoni. Huenda umewakuta katikati ya safari. Wakiwa wamelala kimya, matumbo yamejaa, mama yu karibu, nawe ndiwe unayemzuia kurudi. Ondoka, umfungie mbwa. Nyunyiza unga kidogo kuzunguka kiota, urudi baada ya saa mbili au tatu; akiwa amekuja utaona nyayo zake. Wakiwa wanalia bila kukoma, ama wamepoa, usingoje zaidi. Na usiku wa baridi usingoje kabisa.

Ikijulikana kwamba mama hatarudi, uliza kama kuna paka mwingine jirani anayenyonyesha. Hiyo ndiyo njia iliyo bora kupita zote, na ndiyo isiyokuamsha usiku. Uwaulize watoto wa shule, kwa kuwa wao wanamjua paka wa kila nyumba kuliko chifu anavyowajua wenye nyumba. Wapashe joto watoto wako, uwapanguse kwa kitambaa kilicholaliwa na yule mama mwingine, uwachanganye na wake. Mara nyingi huwakubali. Kaa hapo uangalie saa ya kwanza.

Asipopatikana, wewe ndiwe mama. Hapo huja swali la maziwa. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na mafuta zaidi pia. Mtoto wa paka akinywa maziwa matupu ya ng'ombe hapati nguvu ya kutosha, na sukari iliyomo humharisha. Kuhara kwa mnyama wa gramu mia moja ni kifo cha siku moja. Maziwa ya mbuzi hayana tofauti kubwa, ingawa wengi husema yanafaa. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka, na yanauzwa kwa waganga wa mifugo na maduka makubwa ya dawa za wanyama mijini. Bei yake si ndogo. Mwombe mtu aendaye mjini akununulie, na wakati ukimngoja tumia haya: robo lita ya maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta, yaliyochemshwa na kupoa, viini viwili vya yai bila ute wake, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Koroga vizuri, uchuje. Hiki ni chakula cha dharura cha siku moja au mbili, si cha kulelea. Yabakiayo kesho yake mpe mbwa.

Maziwa yawe na joto la mwili; dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono wako, usisikie moto wala baridi. Tumia sirinji ndogo isiyo na sindano, inapatikana katika kila duka la dawa. Kijiko, kama nilivyokwisha kukiri, ni hatari. Mtoto alale kifudifudi juu ya kitambaa, kichwa kimeinuka kidogo, vile anyonyavyo kwa mama yake. Kamwe asilale chali. Mpe tone kwa tone, umwache ameze. Maziwa yakitokea puani, acha mara moja, umwinamishe kichwa na kumpangusa. Tumbo lake lina nafasi ya kama mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake, kwa hiyo usimshindilie. Juma la kwanza hula kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Juma la pili saa tatu au nne. Baadaye saa nne hadi sita. Tega kengele ya simu, na mgawane zamu na mama watoto. Mtu mmoja peke yake siku ya tatu atalala juu ya katoni.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi hawaijui, na kwa kutoijua hupoteza paka aliyekuwa ameshiba vizuri. Mtoto wa paka hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe mpaka apate kama majuma matatu. Mama yake humlamba chini ya mkia, ndipo hutoka. Basi kila baada ya kumlisha, chukua pamba au kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, umsugue hapo taratibu mpaka akojoe. Mkojo uwe mwepupe au wa manjano hafifu. Ukiwa wa rangi nzito, hapati maji ya kutosha. Mwanangu wa kiume aliikataa kazi hii kwa dharau siku mbili, siku ya tatu nikamkuta anaifanya vizuri kuliko mimi.

Utajuaje kwamba unafanikiwa? Kwa mizani. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu kama 100 hivi, yaani kama mayai mawili, na kila siku yafaa aongeze gramu kumi au zaidi, hata katika siku kumi au kumi na nne awe ameongezeka mara mbili. Mizani ya maziwa ya ushirika haifai, ni ya vitu vizito. Muombe mwenye duka mizani yake ndogo, au ununue ile ya jikoni. Andika uzito kila asubuhi wakati ule ule. Siku usipoona ongezeko, angalia joto la katoni na maziwa. Siku akipungua, mtafute Bwana Mifugo bila kungoja kesho.

Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Usiyafungue kwa nguvu. Kope zikivimba kabla ya kufunguka, pana usaha ndani. Pangusa kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, umwone mganga wa mifugo.

Viroboto wakiwa wengi huweza kuwamaliza damu. Hapa nawaonya kwa nguvu: usimtie paka katika josho, wala usimpake dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Nyingi za dawa hizo zimetengenezwa kwa mfano wa sumu ya pareto, na mwili wa paka hauwezi kuivunja kama mwili wa ng'ombe. Atatetemeka, atapigapiga miguu, atakufa. Vilevile paracetamol unayomeza wewe ukiumwa kichwa ni sumu kwake. Mwoshe mwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, umkwangue viroboto kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, umkaushe upesi na kumrudisha kwenye joto.

Nisikufiche neno. Hata ukifanya yote haya, wengine watakufa. Mtoto wa paka, kama ndama, hupata kinga yake katika dang'a, na tumbo lake hupokea kinga hiyo kwa siku ya kwanza tu. Aliyeikosa yu dhaifu. Nimewalea sasa wengine kumi na mmoja, ambao watu huniletea ofisini tangu habari ilipoenea, na saba wamepona.

Kutoka juma la pili mpaka la saba mshike mara nyingi, na watoto wa nyumbani wamshike pia, wakinawa mikono kabla na baada. Paka asiyezoea watu wakati huo huwa mkali maisha yake yote. Kufika juma la nne mpe chakula laini katika kisahani, nyama iliyosagwa au dagaa waliolowekwa na kupondwa, pamoja na yale maziwa yake. Kufika juma la nane ale kama paka. Wakati huo huo muwekee sanduku la mchanga. Mwenye mimba asilisafishe, kwa maana kinyesi cha paka, hasa paka mchanga aanzaye kuwinda, huweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo hivyo huharibu mimba za kondoo, kwa hiyo wenye kondoo wafunike chakula na majani makavu, paka asipate kunya humo.

Akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, ambacho paka naye huugua na kuuma watu. Mwaka 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha kichaa kiletwacho na mbwa ifikapo 2030, lakini mpango hauwezi kuja shambani kwako kumshika paka. Akikuuma au kukukwaruza paka usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku ile ile.

Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na baada ya miezi miwili na siku chache utakuta sauti nyingine nyuma ya magunia. Mwulize Bwana Mifugo juu ya kumfunga kizazi, na dume kuhasiwa, kabla ya umri huo.

Ukimpeleka ghalani kufanya kazi, mfungie humo majuma mawili au matatu na chakula, maji na mahali pa kulala, ndipo umfungulie. Ukimwachia siku ya kwanza atarudi jikoni. Endelea kumlisha jioni, maana paka mwenye njaa huhama, hawindi zaidi. Na hiyo dawa ya panya iondoe kabla hajaingia, uokote kila kipande kilichobaki chini ya magunia. Sisi ofisini tulinunua mitego sita na kuzungushia bati nguzo za stoo, na zile pakiti mbili zilizobaki mezani kwangu niliziteketeza kwa namna Bwana Mifugo alivyonielekeza.